Rangi ya Nje ni ya Nani?

Nyumba yetu ya Mishomoroni ilikaa miaka 11 bila plasta wala rangi. Ilikuwa matofali ya simiti matupu, na simiti iliyotoka kwenye viungo ikagandia hapo hapo kama ulimi. Mtaani ilikuwa alama. Mgeni akiuliza njia aliambiwa apite msikiti, apite kwa muuza makaa, akiona nyumba ya kijivu akate kushoto. Kwa hivyo kuna watu wengi waliofika makwao salama kwa sababu Mama hakuwa na pesa za plasta.

Sababu ya kutokuwa na pesa za plasta ni mimi. Kila alipokusanya kitu, muhula ulifungua. Nikaenda chuo miaka mitatu kasoro, halafu nikaacha. Kwa nini niliacha ni hadithi ya siku nyingine na sina haraka ya kuisimulia. Ninachotaka ujue ni kwamba karo ya muhula ambao sikurudi ndiyo iliyogeuka plasta. Mama hakusema neno. Alimwita fundi, fundi akaja na mwiko na kijana wake, kwa siku nne nyumba ikawa laini. Mimi nilikuwa nachekecha mchanga. Nilichekecha vizuri sana.

Ikabaki rangi. Mama alikuwa na 38,000 za chama, na kadi ya rangi aliyoachiwa na fundi, ile yenye vijisanduku vingi vyenye majina ya Kiingereza ya maua na vyakula ambavyo havijawahi kuvuka daraja la Nyali. Hakusoma majina. Aliweka kidole juu ya kijisanduku kimoja akasema, hii hapa, embe ngowe bichi. Na kweli ilikuwa hivyo, kijani kile chepesi cha embe ambalo bado lina utomvu. Nikajua basi, yameisha.

Hayakuisha. Wiki ile ile alikuja kijana wa kofia na tableti. Kibanda cha Mama kiko mbele ya nyumba, anauza viazi karai asubuhi na jioni, na barabara yetu sasa inapitwa na bodaboda na tuktuk mpaka usiku. Kijana alisema kampuni yake (sitaitaja, haijanikosea kitu) inapaka nyumba za barabarani bure. Mbele yote na ubavu mmoja, manjano. Juu ya kibanda, jina la kampuni. Mkataba miaka 2. Juu yake, mwavuli mkubwa wa jua.

Wote tunaijua biashara hii. Safiri kutoka Mombasa mpaka Nairobi ukihesabu majengo ya barabarani: nyekundu ya soda, kijani ya M-Pesa, buluu ya sabuni. Kuna masoko ambayo ukiyatazama kutoka dirishani mwa basi huwezi kujua watu wa hapo wanapenda rangi gani, kwa sababu hakuna aliyewauliza isipokuwa kuwauliza kama ukuta uko wazi.

Nilimwambia Mama akatae. Nilisema nyumba si bango. Nilisema mtu akisha kuuza uso wa nyumba yake hana tofauti na... hapo alinitazama na sikumalizia. Nilikuwa bado na kichwa cha chuo. Mhadhiri wetu mmoja alitupitisha kwenye *On Liberty* ya John Stuart Mill, kitabu cha 1859, na kilichonibakia ni ile hoja yake kuu, kwamba jamii haina haki ya kumzuia mtu isipokuwa kwa kuzuia madhara kwa wengine. Niliipenda sana hoja hiyo nilipokuwa bwenini, mbali na watu wanaonijua. Nyumbani nikaitumia hivi: nyumba ni yako, rangi ni yako, asikuchagulie mtu, awe kampuni, awe nani.

Mama akauliza, "Kwani mimi naiona hiyo rangi? Mimi nalala ndani."

Nimekuwa nikilifikiria swali hilo tangu siku hiyo, na ndilo lililonikalisha niandike haya. Ukiwa na nyumba, ndani unaijua wewe. Nje wanaijua wengine. Mtu anayeitazama nyumba yetu kuliko binadamu yeyote ni jirani wa mkabala, ambaye tangu alfajiri amekaa barazani kwake akichoma mahamri, uso umetuelekea sisi. Na Mama, akikaanga viazi, ameielekea ya kwake, ambayo ni waridi iliyopauka. Kila mmoja anaishi mbele ya rangi ya mwenzake. Tukisema kitu ni cha anayekitumia, basi nje ya nyumba yetu ni ya jirani, na Mama amiliki waridi.

Wahenga wanasema macho hayana pazia. Kwa kawaida tunaisema tukimtetea aliyetazama: usimlaumu, kilikuwa mbele yake, angefanyaje? Lakini igeuze. Kama macho hayana pazia, anayeweka kitu mbele ya macho hayo ana jukumu kidogo. Mwenye kutazama hana pa kujificha. Unaweza kuzima redio ya jirani kwa kumgongea mlango, lakini ukuta wake hauzimiki.

Hapo Mill wangu anaanza kuyumba, maana madhara ni nini? Manjano haimuui mtu. Lakini jirani wa mkabala angeamka na manjano ya kampuni kila siku kwa miaka 2, yeye na mahamri yake, bila kupewa hata mwavuli. Hii ndiyo ilikuwa hoja yangu nzuri kuliko zote na nilimpa Mama bila kupunguza: kampuni hainunui ukuta, inanunua macho ya wapita njia, na wewe unauza macho ya watu ambao hawakuulizwa.

Jibu lake: "Macho yao yaliona simiti miaka 11. Kuna aliyeniletea ndoo ya rangi?"

Hakuna. Lakini ukifuata njia ya kwamba nje ni ya wanaotazama, kuna mahali inakupeleka, na Mombasa tumeshafika mahali hapo. Mwaka 2018, wakati wa Gavana Hassan Joho, serikali ya kaunti iliamuru majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe, na buluu ya Kimisri kwenye kingo. Nilikuwa shule ya sekondari bado. Nakumbuka nikivuka kwenda mjini na kuona Moi Avenue inabadilika jengo kwa jengo, kama mtu anayepaka poda nusu ya uso halafu nusu ya pili. Gharama ilikuwa ya mwenye jengo. Watu walilalamika kuhusu pesa, na wengine walilalamika kuhusu Mji wa Kale, ambao una sheria zake za uhifadhi na ofisi yake chini ya Makumbusho ya Taifa. Sisi wa ng'ambo ya daraja hatukuguswa. Hakuna mtalii anayepigwa picha Mishomoroni.

Mombasa haikuanza. Jaipur, huko India, ilipakwa waridi mwaka 1876 kumpokea mwana wa malkia wa Uingereza, na mpaka leo watu wanaita mji ule Mji wa Waridi kana kwamba ulizaliwa hivyo. Na buluu ya Kimisri yenyewe ina ukoo: ni moja kati ya rangi za kwanza kabisa ambazo binadamu alizitengeneza kwa mkono badala ya kuzichimba, Wamisri wa kale wakichoma mchanga, shaba na chokaa pamoja. Chokaa! Hapo nilicheka peke yangu. Kitu ambacho pwani hii imekichoma kwa mamia ya miaka.

Maana nyeupe ya pwani haikuja na amri. Ilikuwa chokaa ya matumbawe: unachoma mawe ya bahari kwenye tanuri ya kuni, unazimua kwa maji, unapaka. Ukuta wa matumbawe unahitaji kupumua, chumvi na unyevu vitoke, na chokaa inauachia. Paka simiti na rangi ya plastiki juu ya ukuta kama huo, unyevu unabaki ndani, na baada ya misimu michache plasta inavimba na kudondoka. Halafu nyeupe inarudisha jua lilikotoka, na nani aliyelala Mombasa mwezi wa pili asielewe faida yake? Kwa hivyo nyumba nyingi zilikuwa nyeupe, na mji ukaonekana umepatana, wakati kila mtu alikuwa anafukuza joto lake tu. Huo ndio umoja ninaouheshimu. Unatoka kwenye sababu ambayo kila mwenye nyumba anaijua. Amri inaleta sura ile ile bila sababu ile, na ndiyo maana baada ya masika kadhaa, kuvu nyeusi ikishaanza kushuka kutoka kwenye paa, hakuna wa kupaka tena kwa hiari.

Kwa hiyo mimi nilikuwa nimefika wapi? Rangi ya nje si yangu peke yangu, kwa sababu anayeiona si mimi. Si ya wanaotazama, kwa sababu wakipewa nguvu wanakuwa kaunti. Nilikuwa na jibu la katikati, kwamba jirani ana haki ya kulalamika lakini hana haki ya kuamuru, na nililiona jibu zuri. Lina tabia ya majibu yangu mengi, halikuwa na pesa ndani yake.

Pesa zilikuwa hivi. Mdogo wangu wa kike alikuwa kidato cha tatu na salio la karo lilikuwa limemrudisha nyumbani mara mbili muhula ule. Manjano ikipaka nyumba, 38,000 zinaenda shuleni. Embe ngowe ikipaka nyumba, 38,000 zinaenda ukutani. Mama hakuniwekea hesabu hiyo mezani. Niliiona mwenyewe, usiku, na ilinichukua muda wa aibu kuiona, kwa sababu nilikuwa nimeshughulika kutetea heshima ya nyumba ambayo ilikosa rangi kwa ajili ya karo yangu, na sasa nilitaka heshima hiyo ilipwe kwa karo ya mtu mwingine. Tena nikijichunguza zaidi, haikuwa hata heshima ya nyumba. Nilikuwa nimeanza kuandika, nina rafiki wawili watatu wa mjini ambao huenda siku moja wangenitembelea, na sikutaka wafike kwa kuambiwa "ukiona ile manjano ya tangazo."

Hebu fikiria ubaya wake. Kijivu cha umaskini nilikivumilia miaka 11 bila falsafa. Manjano ya bure ndiyo iliyonitoa Mill mfukoni.

Mama alitia sahihi. Walikuja vijana wanne na rola ndefu, saa sita wamemaliza. Manjano ya kupiga kelele, unaiona kutoka kona ya msikiti. Jirani wa mkabala alivuka barabara na kikono kimejaa unga, akasimama, akasema, "Mashaallah, tutavaa miwani," akarudi kwake. Ndiyo lalamiko pekee tulilopata upande wa mbele.

Sasa kuna jambo ambalo sikulijua, au nililijua kama unavyojua hali ya hewa. Nyumba ni yetu, ardhi si yetu. Msomaji wa mbali hili huenda likamshangaza, lakini Mombasa ni la kawaida kabisa, Kisauni, Likoni, Changamwe, Majengo: unajenga nyumba, unaiuza, unairithisha, na chini yake kuna kiwanja cha mtu mwingine ambaye unamlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Tunaita nyumba bila ardhi. Mizizi yake ni mirefu. Ukanda wa pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, ukatawaliwa na Waingereza kwa niaba yake, na sheria ya hati za ardhi ya 1908 ikawataka watu waje wadai mashamba yao. Waliojua karatasi walidai. Walioishi na kulima bila karatasi wakaamka ni wapangaji, au maskwota. Wenye ardhi wengi hawakutaka upige jiwe. Udongo, fito na makuti, sawa, hicho ni kitu cha kubomoka. Simiti ni kitu cha kukaa, na anayekaa sana anaanza kudai. Kule Likoni, shamba la Waitiki, ekari 930, lilivamiwa mwaka 1997 na mgogoro ukaenda mpaka 2016 ndipo serikali ikatoa hati kwa waliokuwa juu yake. Kwa hiyo kwetu hakuna kitu kisicho na siasa kwenye nyumba. Plasta ni kauli. Rangi ni kauli kubwa zaidi, maana inaonekana kutoka mbali.

Mzee anayekusanya kodi ya kiwanja hufika mwanzo wa mwezi, kanzu safi, daftari refu. Ni mtu mpole. Baada ya plasta alikuwa ameshatabasamu na kusema, "Naona mambo yamefunguka," na miezi miwili baadaye kodi ikapanda. Hakuna aliyesema plasta imepandisha kodi. Ilipanda tu.

Mwezi uliofuata manjano alikuja, akasimama barabarani, akaitazama nyumba kutoka juu mpaka chini.

"Nyumba imependeza, mama."

"Si yangu hiyo, mzee wangu," Mama akasema, anageuza viazi. "Ni ya kampuni. Mimi nimewapa ukuta tu."

Mzee akasoma jina juu ya kibanda. Akaandika kiasi kile kile cha mwezi uliopita, akala viazi vitatu na ukwaju, akaenda.

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka hapo. Nilimuuliza Mama kama ndiyo sababu alikubali tangu mwanzo. Akasema sababu ni nyingi, we ulitaka moja. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa hila. Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Rangi haikuwa yake. Mimi nilihesabu kutokumiliki rangi kama hasara na yeye alikuwa amekaa ndani ya kutokumiliki huko kama mtu aliyekaa kwenye kivuli. Kwa mtu ambaye ardhi chini yake si yake, uso wa nyumba wa kumtambulisha ni anasa yenye kodi. Mill, nadhani, alikuwa na hati ya mahali alipokaa, au angalau hakuwa na mzee wa daftari. Sisemi hoja yake imekufa. Nasema iliandikwa kana kwamba kila mtu anasimama juu ya kitu.

Lakini sikubali pia kwamba Mama alikuwa na hekima yote na mimi ujinga wote, hadithi za wazazi huishia hivyo na zinanichosha. Manjano ni mbaya. Mtaa una nyumba nne za kampuni sasa, na kijana wa kofia bado anapita. Ukifika siku barabara nzima ni ya matangazo, mtoto anayekua hapo atajua rangi kama kitu kinacholetwa na gari. Hilo ni dhara, hata kama sina mizani ya kulipima, na halikuingia kwenye hesabu ya mtu yeyote kwa sababu kila nyumba ilikuwa na mdogo wake wa kidato cha tatu.

Karo ilipolipwa zilibaki kama 5,000. Kampuni haikupaka nyuma, nyuma hakuna barabara, kuna uwanja mdogo, mpapai, tangi la maji na kamba ya nguo. Hapo ndipo Mama anapomenyea viazi, mchana wote, ameukalia ukuta kwa uso. Siku moja alinipa pesa na kadi ya rangi yenye alama ya mafuta ya kidole chake juu ya kijisanduku kile kile. Nilinunua ndoo ndogo, rola na msasa, nikapaka mwenyewe kwa sababu fundi angekula nusu ya pesa. Koti moja halikutosha, plasta ilikunywa rangi kama mchanga unavyokunywa maji, kuna madoa ya kijivu bado ukitazama jua likiwa ubavuni. Ila ni embe ngowe. Mzee wa daftari hafiki huko.

Kumbe hata huko kuna macho. Dirisha la jikoni la jirani wa nyuma linafungukia uwanja wetu, na nilipokuwa naosha rola alichungulia kwenye nondo.

"Kwani mmechagua kijani?"

Nikasema ndiyo.

"Mngeniuliza ningesema waridi. Mie ndiye nitaitazama nikipika."

Mama hakuinua kichwa. Alimwambia apitishe sahani, akamjazia viazi na ukwaju juu, akamwambia koti la pili bado halijapigwa.